Kampuni ya Marekani imeniacha, hoteli hainilipi: nirudi kusubiri ajira?

Assalamu alaykum Mwalimu,

Naandika kutoka Chake Chake. Nina miaka 32, nimeolewa, nina watoto wawili. Nilisoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu cha SUZA, nikamaliza, nikazunguka na bahasha ya vyeti mpaka nikachoka, mwisho nikaona bora nijitafutie mwenyewe. Nikajiunga na Upwork, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, nikaanza na vikazi vya dola tano na dola kumi. Mungu akajaalia nikapata mteja wa kudumu, kampuni ya Marekani inayotengeneza mfumo wa kliniki za meno. Kazi yangu ilikuwa sehemu ya ndani ya mfumo, ile ambayo mgonjwa haioni: kumbukumbu, ankara, miadi. Walinilipa dola 16 kwa saa. Kwa hapa Pemba, Mwalimu, hizo ni pesa. Nyumba ya mama imefika kwenye bati, na mdogo wangu anasoma chuo kwa jasho hilo.

Mwaka jana walianza kunipunguzia saa. Mwaka huu wakaniandikia kwamba wanafunga mikataba yote ya watu walio nje ya nchi yao. Barua ilikuwa ya adabu, wakasema si kwa ubaya wa kazi yangu. Tangu hapo natafuta wengine. Kule Upwork kila ombi la kazi unalilipia, na kazi ikitangazwa, ukija kuamka waombaji ni hamsini na zaidi. Mmoja aliniuliza waziwazi kwa nini anilipe mimi ilhali akili mnemba inamwandikia programu kwa dakika mbili.

Kupitia jamaa yetu wa Unguja nikapata hoteli ndogo pwani ya mashariki. Walitaka tovuti na mfumo wa wageni kujiwekea nafasi wenyewe. Tulikubaliana dola 1,800 kwa maneno ya WhatsApp. Wakanipa 400 mwanzo, nikafanya kazi, nikamaliza, mfumo ukaanza kutumika kabla ya msimu wa Julai. Wageni wanaweka nafasi, nawaona, kwa sababu nywila bado ninazo. Meneja nikimpigia ananiambia tajiri yuko safarini, au msimu haujachanganya, au njoo wiki ijayo, na yeye anajua mimi nipo Pemba na kuja ni nauli ya boti. Kaka yangu anasema niizime tovuti, watalipa wenyewe mbio. Nakuambia ukweli, nimeshafikia kuishika hiyo nia.

Sasa imekuja kampuni ya Dar es Salaam. Wananitaka kwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, nikikaa hapahapa nyumbani. Lakini mkataba wao unasema mimi ni "mtaalamu wa kujitegemea", na humo ndani mna masharti haya: niwe kazini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na kamera ya kompyuta ikiwa wazi, nisichukue mteja mwingine yeyote, na nitalipwa pale mteja wao atakapowalipa wao. Hakuna likizo, hakuna mfuko wa jamii.

Mama mkwe wangu ananipenda, simsemi vibaya, lakini kila siku ananambia kwamba kushinda mbele ya kompyuta si kazi, kazi ni yenye mshahara na kiinua mgongo. Mume wangu ni mwalimu wa skuli. Yeye yuko upande wangu, ila naona anavyohesabu pesa mwisho wa mwezi. Kaka anataka nipeleke maombi serikalini, au nikasomeshe kompyuta skuli.

Nifahamishe, Mwalimu. Soko hili la kazi za kujitegemea limekufa? Hoteli niifanyeje? Na hao wa Dar es Salaam niwakubalie?

Mama Wawili,
Chake Chake, Pemba

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nianze na hoteli, kwa sababu hapo pana hatari na hatari haisubiri zamu yake. Usiizime tovuti. Usiibadilishe hata herufi moja, usiwafungie nywila, usiingie hata kutazama wageni wangapi wameweka nafasi. Najua kaka yako anasema kwa uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya 2015 inafanya kazi Bara na Zanzibar, na miongoni mwa makosa yake ni kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini na kuzuia au kuharibu data zake. Nywila ulipewa ujenge kazi. Hukupewa ili uwe na kufuli la kukamatia deni. Siku utakayozima, mgeni aliyelipia chumba atafika akute jina lake halipo, hoteli itadai hasara kubwa kuliko deni lako, na wewe uliyekuwa mdai utasimama mahali pa mshitakiwa. Nimeona vijana wazuri wakiharibikiwa hivyo, haki yao mkononi.

Fanya hivi. Kusanya ujumbe wote wa WhatsApp tangu wa kwanza, uhifadhi pahala zaidi ya pamoja. Chukua taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha zile 400 zilivyoingia, kwa sababu malipo hayo yanathibitisha kwamba makubaliano yalikuwapo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ugumu wake ni kuyathibitisha tu, na wewe una maandishi. Kisha andika barua ya madai, ukurasa mmoja: kazi gani ulikubaliana nao, lini uliikabidhi, wamelipa ngapi, wamebakisha ngapi, na siku 14 za kulipa. Ielekeze kwa mwenye hoteli, nakala kwa meneja. Mara nyingi tajiri haambiwi kwamba fundi anadai. Huyo jamaa yenu wa Unguja aipeleke kwa mkono, na anayepokea atie saini kwenye nakala. Ndani ya barua waambie pia kwamba kuanzia tarehe fulani hutoi tena huduma ya matengenezo, na kwamba uko tayari kuwakabidhi nywila zote kwa maandishi. Kuacha kufanya kazi usiyolipwa ni haki yako, na wala si kuzima mfumo. Kama hawawezi yote kwa pamoja, pokea kwa mafungu mawili au matatu yenye tarehe.

Siku 14 zikipita kimya, nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Kipo tangu 1992 na kina ofisi Unguja na Pemba, wala usidhani ni pahala pa kesi za mirathi na talaka peke yake. Barua ya pili ikitoka kwa mwanasheria husomwa kwa macho mengine.

Jambo moja katika deni hili lichukue kwa kazi zijazo. Mlikubaliana kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zimekataza bei na malipo ya ndani kuwekwa kwa fedha za kigeni. Mteja aliyepo Tanzania muandikie shilingi, awe mwenye hoteli ni Mzungu au Mpemba. Dola zibaki kwa mteja wa nje.

Sasa kuhusu soko. Umeniuliza kama limekufa, nami nakujibu kwamba lililokufa, au tuseme lililo mahututi, ni lile la kuuza saa kwa mtu wa mbali asiyekujua. Hukuliua wewe. Nataka ulifahamu hili vizuri kwa sababu barua yako, chini ya maneno, imejaa mtu anayejilaumu.

Marekani, Benki Kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 mpaka kupita asilimia 5 katikati ya 2023. Kampuni zilizokuwa zikiishi kwa fedha rahisi za wawekezaji zikabana mikono. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, ilitangaza kuachisha watu 11,000. Januari 2023 Google wakafuata na 12,000, Microsoft 10,000. Fikiria watu hao walikwenda wapi. Wengi walimwagika kwenye soko lilelile la kazi za mkataba, na majina makubwa kwenye wasifu wao, wakawania hata zile kazi ndogo.

Lipo na jingine ambalo halitajwi sana kwetu, nalo ndilo linalokuhusu zaidi. Ni kodi. Zamani kampuni ya Marekani ikilipa mtu kutengeneza programu, gharama hiyo yote iliitoa kwenye hesabu ya faida mwaka uleule. Sheria waliyoipitisha 2017 ilibadilisha hilo kuanzia 2022: kazi ya kutengeneza programu ikifanyika ndani ya nchi yao, gharama itandazwe kwa miaka 5, ikifanyika nje, miaka 15. Kwa hiyo tuseme walikulipa wewe dola 30,000 kwa mwaka. Fedha hizo zimetoka mfukoni, lakini mbele ya mtoza kodi wanaruhusiwa kuhesabu kama 2,000 tu kwa mwaka, na mwaka wa kwanza nusu ya hizo. Kampuni ndogo inajikuta inalipia kodi faida isiyokuwa nayo. Julai 2025 wakarekebisha, lakini kwa kazi ya ndani peke yake. Ya nje imebaki kwenye miaka 15. Mwenye kampuni ya kliniki za meno akikaa na mhasibu wake, mtu wa Chake Chake anaonekana ghali kuliko zile dola 16 zake. Barua waliyokuandikia, kwamba wanafunga mikataba ya watu wa nje wote na si kwa ubaya wa kazi yako, inasema kweli. Uihifadhi, na uwaombe wakuandikie sifa ya kazi. Watakupa.

Kisha akili mnemba. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kwa kweli imekula kitu. Imekula vikazi vya kuanzia, vile vya dola tano na kumi ulivyoanzia wewe: ukurasa mmoja wa tovuti, kipande cha programu cha kusafisha orodha, maelezo ya bidhaa. Linaniumiza hili, kwa sababu ngazi uliyopandia wewe, dada zako wanaomaliza chuo sasa hawaikuti. Na soko lenyewe linazidi kukata: Fiverr, soko jingine kama Upwork, wanachukua asilimia 20 ya pato la muuzaji, na Upwork tangu 2025 ada yao inaweza kufika asilimia 15, mbali na unacholipa kuomba. Ukiomba kazi kumi kwa siku huko, unafanya kazi ya kutwa bila mshahara na unailipia. Mimi ningechagua mbili kwa wiki, zile zinazogusa kliniki, ankara na miadi, jambo ambalo una ushahidi wa miaka nalo, na nyengine zote ningeziacha zipite.

Yule aliyekuuliza kwa nini akulipe wewe, swali lake lina jibu. Akili mnemba inaandika programu, lakini ikiharibika usiku wa manane haina wa kuulizwa. Haijui kwamba mhasibu wa hoteli hufunga hesabu kwa daftari kisha ndiyo huingiza kwenye kompyuta. Haitii saini. Anayelipa vizuri siku hizi analipia mtu wa kusimama nyuma ya mfumo na kusema hili ni langu, likikwama nitalitengeneza. Hiyo ndiyo biashara ninayotaka uhamie, na huwezi kuifanya kwa mtu aliye mbali tu. Inahitaji watu wanaoweza kukugongea mlango.

Wewe ni Mpemba, sina haja ya kukueleza maisha ya mnunuzi mmoja. Karafuu yote kisheria inakwenda ZSTC, shirika la biashara la serikali. Lakini hata ZSTC hutangaza bei, na mkulima anajua atapokelewa wapi. Wewe ulikuwa na mnunuzi mmoja ambaye hakukutangazia bei wala hakuwa na wajibu wa kukupokea kesho. Usirudi kwenye hali hiyo tena, si kwa Mmarekani, si kwa mtu wa Dar es Salaam.

Kazi za hapa zipo, ingawa hazitangazwi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Nyumba ndogo za wageni, za vyumba sita au kumi, nyingi zinategemea Booking.com, wakala wa mtandaoni ambaye kamisheni yake kwa kawaida ni kama asilimia 15. Mwenye nyumba akiuza chumba kwa 100, kumi na tano hazioni. Mfumo uliowajengea wale wasiokulipa ndio hasa dawa ya jambo hili. Kosa la mteja mmoja lisikufanye uitupe bidhaa. Nenda kwa mwenye nyumba ya wageni na karatasi yenye hesabu yake yeye: nafasi ngapi zimepita kwa wakala mwaka jana, kamisheni imekula ngapi, na robo tu ya nafasi hizo zikija moja kwa moja ataokoa ngapi. Usimzungumzie lugha ya programu. Mzungumzie pesa yake.

Wapo pia ambao si wa utalii, na kwa Pemba hao ndio wengi: maduka ya jumla, maduka ya dawa, skuli binafsi, zahanati, vyama vya kuweka na kukopa. Risiti za kielektroniki za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kupitia mfumo wao wa VFMS zimewaingiza kwenye kompyuta wafanyabiashara ambao hawakuwa wakizitaka, na wengi wanaandika mauzo mara mbili, kwenye mfumo na kwenye daftari, kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawapangia. Wewe umefanya ankara na miadi za kliniki kwa miaka. Zahanati ya hapo mjini ina matatizo yaleyale, ila kwa Kiswahili.

Na zingatia jambo ambalo mtu wa nje halijui. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilizorota, na ofisi zilizokuwa na kila kitu mtandaoni zilibaki zinatazamana. Unguja iliwahi kukaa bila umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mfumo wa hapa lazima uweze kufanya kazi intaneti ikikatika, uhifadhi ndani, kisha mtandao ukirudi upeleke nje. Na nakala za akiba ziwe pahala pawili. Mteja akiona mwenzake amekwama na yeye anauza, hatakuuliza tena habari za akili mnemba.

Utaniambia watu wa hapa hawalipi. Baadhi hawalipi, umeshakutana nao. Ndiyo maana bei usiiweke kwa saa wala kwa mradi mmoja mkubwa unaoisha na ugomvi. Weka ada ndogo ya kusimika na ada ya kila mwezi ya kuangalia. Chukulia wateja watano wanaolipa 150,000 kwa mwezi: ni 750,000, na mmoja akiondoka hujaanguka. Arubuni iwe nusu kabla hujagusa kibonye. Fungu la pili lilipwe siku ya kuonyesha kazi, mfumo ukiwa bado kwenye anwani yako ya majaribio, na kuhamishia kwenye anwani ya mteja kufuate malipo, liandikwe hivyo kwenye mkataba tangu mwanzo. Hapo ndipo ungekuwa na nguvu dhidi ya wale wa pwani ya mashariki, bila kugusa cha mtu. Mkataba wa kurasa mbili za Kiswahili unatosha: nini kitafanyika, nini hakimo, bei, tarehe, nani mwenye mfumo baada ya kulipwa, na ada ya mwezi inalipia nini. Hiki cha mwisho kisipoandikwa utageuzwa fundi wa printa na wa simu za watoto wa tajiri.

Niwafikie wa Dar es Salaam. Sisemi wakatalie, ila mkataba ule ulivyo usiutie saini. Wanakutaka uwe mfanyakazi kwenye saa na kamera, na uwe wa kujitegemea kwenye likizo na hifadhi. Kwa Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inataja dalili za kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa hata karatasi ikimwita vyengine: kama namna au saa za kazi yake ziko chini ya amri ya mwengine, kama amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, kama anamtegemea huyo kwa riziki, kama anafanya kazi kwa huyo mmoja peke yake. Soma tena masharti yao uone yanagusa mangapi. Huhitaji kuwapeleka popote kwa hilo. Unahitaji kulijua ukiwa unazungumza nao.

Waambie wachague. Wakitaka saa zako zote na wakukataze wateja wengine, wakuajiri, kwa mshahara, likizo na michango. Wakitaka mtu wa kujitegemea, basi wakupe kazi na tarehe ya kukabidhi, saa uzipange wewe, kamera izimwe, wateja wengine uwe huru nao, na bei ipande, kwa sababu likizo, ugonjwa, bando na uzeeni unajilipia mwenyewe. Ningeanzia 1,800,000 kwa kazi ya siku nzima, au ile 1,200,000 yao kwa siku tatu za wiki. Na sharti la kulipwa mteja wao akilipa, hilo likatae katakata kwa hali yoyote. Wao ndio waliomchagua mteja huyo, hatari yake ni yao. Siku 30 tangu ankara, basi. Wakikubali siku tatu, zichukue kwa moyo mkunjufu, zitakushikilia nyumba wakati unatafuta wateja wako watano. Wakikasirika kwa kuulizwa tu, umejua mapema.

Kwa malipo yao ya huduma watakukata kodi ya zuio, asilimia 5. Dai cheti chake kila mara, maana kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, iko TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kama bado huna TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ichukue wiki hii. Bila ya hiyo hoteli kubwa na mashirika hayawezi kukulipa hata wakitaka. Jina la biashara unasajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar.

Nimemkumbuka mama mkwe wako, na hofu yake naiheshimu. Anapotaja kiinua mgongo anasema jambo la kweli: mtu anayejitegemea akiugua, kipato kinaugua naye. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, wana mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Jiunge, hata kwa kiwango kidogo, na kitabu au taarifa ya michango yako umuonyeshe. Ataelewa haraka kuliko ukimueleza Upwork. Na tenga kila malipo yakiingia, sehemu moja katika tano, kwa miezi ya Masika ambayo hoteli hufunga na ada huchelewa.

Maombi ya serikali peleka. Hakuna aibu ndani yake, mifumo ya serikali inahitaji watu wenye uzoefu wako, na ajira ikija utaamua wakati huo. Kusomesha skuli kwa vipindi vichache nako ni kuzuri, walimu wakuu ndio hao hao wenye skuli zinazohitaji mfumo wa ada. Ninachokukataza ni kukaa kusubiri. Mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvuta kampuni za teknolojia ulizinduliwa 2022, na vijana wengi wa Unguja wameweka macho Fumba, uliko mpango huo, tangu hapo. Peleka wasifu wako na huko. Lakini zahanati iliyo mtaani kwako ianze kwanza.

Mpangilio wangu kwako ni huu: barua ya madai wiki hii, TIN wiki hiihii, jibu la Dar es Salaam kwa maandishi na si kwa simu, kisha uingie milango mitatu ya Chake Chake na karatasi ya hesabu mkononi. Ukishapata rasimu ya mkataba wa mwanzo, niletee niisome kabla hujampa mteja.

Wassalaam,
Mwalimu